Gurudumu Kubwa la Mzee Kandidus

Gurudumu kubwa halikimbii, hukimbiza. Mmemsikia mwenyekiti akiisema methali hiyo mkutanoni leo, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haya, imetoka kwenye aibu yangu mimi, Otmari. Anayetaka kucheka acheke sasa tumalize.

Wakati huo nilikuwa fundi kijana, nimerudi kutoka mjini na boksi la spana na mdomo mrefu. Binti yangu Melkiora, wa miezi saba, alikuwa amelazwa zahanati kwa vichomi, anapumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni. Umeme wa mashine hiyo ulitoka kwenye jenereta ya zahanati. Saa sita mchana injini ya jenereta ikavunjika, na mvua ilikuwa imeshakata barabara. Sista Imelda, muuguzi, hakunificha. "Baba Melkiora, bila umeme mtoto hafiki jioni."

Sehemu inayozalisha umeme ilikuwa nzima. Kilichokufa ni injini ya kuizungusha. Nikaifungua ile sehemu ya umeme, wanaume wanne wakaibeba hadi kwa Mzee Kandidus, aliyekuwa akisaga unga kwa injini ya dizeli. Mke wangu na Sista wakaja nyuma na mtoto na mashine yake, wakamlaza chumba cha pili, mbali na vumbi.

Injini ya mzee ilikuwa ya kale. Tuk, tuk, tuk, ungeweza kuihesabu. Ubavuni ilikuwa na gurudumu la chuma lililonifika kiunoni. Mimi nikafunga mkanda wa jenereta kwenye puli, kile kigurudumu kidogo cha kusagia, kama nilivyozoea kuona, nikawasha. Balbu ya kujaribia ikatoa wekundu tu. Nikaongeza mafuta, nikaongeza tena, hadi injini ikatetemeka na mkanda ukachomoka ukachapa ukuta. Nikaurudisha. Ukachomoka tena.

Mzee Kandidus alikuwa kwenye kigoda chake, ananitazama. "Funga kwenye gurudumu kubwa," akasema.

"Mzee, lile linajikokota! Jenereta inataka mbio!"

"Likizunguka mara moja, hiyo puli ndogo ya jenereta itazunguka mara ngapi?"

Nikapima kwa macho: mara kumi, au zaidi. Hesabu hiyo nilifundishwa darasani kabisa! Hofu na kiburi vilikuwa vimeifuta kichwani.

"Ponsiano," mzee akamwita msagaji wake, "leta ule mkanda mrefu wa mashine ya kahawa." Ponsiano akatoka mbio. "Mama, nta ya nyuki." Mkewe mbio. "Ninyi, magogo mawili na nondo." Wale wanaume wanne mbio, mvuani. Tukaupaka mkanda nta usiteleze, tukauvisha kwenye gurudumu, tukaiegemeza jenereta kwenye magogo na kuisukuma nyuma kwa nondo mpaka mkanda ukakaza.

"Haya, Otmari, tia hendeli uwashe."

Tuk. Tuk. Tuk. Gurudumu likaenda mwendo wake ule ule wa kizee. Na upande wa pili, jamani! Puli ya jenereta ilikuwa haionekani kwa mbio. Balbu ikawa nyekundu, ikawa ya njano, kisha ikawaka nyeupe hata tukafumba macho. Watu walirudi nyuma, wengine wakapiga ishara ya msalaba. Nami fundi mzima nywele zilinisimama. Nilikuwa nimeshika injini miaka minne, sikuwahi kuogopa uwezo wake mpaka siku hiyo.

"Inafanya kazi!" Sista akaita. Nikaingia. Midomo ya binti yangu ilikuwa imegeuka samawati. Nikasimama pale nikaiona ikirudia rangi yake, kidogo kidogo. Nililia mbele za watu wala sikujali.

Nilipotoka nikamwendea mzee. "Nisamehe, baba. Nilidhani upole ule ni udhaifu."

Mzee alitabasamu tu. Ponsiano alikuwa ameegemea ukuta anahema. Wale wanne walikuwa wameloa chapachapa, nami nilikuwa natota jasho. Ponsiano akatutazama sote, akalitazama gurudumu, kisha akamtazama mzee ambaye tangu mchana hakuwa ameinuka kwenye kigoda. Akatikisa kichwa.

"Aisee," akasema, "gurudumu kubwa halikimbii. Hukimbiza."