Msumari Hautoki Kiwandani

Kaeni. Na wewe unayemkonyeza mwenzio, konyeza vizuri, maana mfano huu huenda ni wako.

Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyeolewa akiwa na masikio mawili, na mwaka wa tatu wa ndoa akabaki na moja. La kushoto lilikufa. Kumwita upande huo ni sawa na kuita kinu. Mumewe alikuwa mwashi, mkono wake mzito kama mfuko wa saruji, na kofi lenyewe lilikuwa moja tu, kwa ajili ya chumvi. Chumvi, jamani. Watu wamekula mboga isiyo na chumvi tangu dunia iumbwe, na hawakufa.

Sasa mama mkwe, badala ya kumwonea haya mwanawe, akaitisha kikao cha wazee siku ya Jumamosi. Hoja yake ilikuwa fupi: huyu mwanamke alikuja na kasoro kutoka kwao, na mke wa namna hiyo, kwa desturi ya pale, hurudishwa kwa baba yake mikono mitupu. Mtoto hubaki. Na mtoto alikuwa na miaka miwili, bado anatafuta ziwa la mama yake akisinzia.

"Bidhaa mbovu hurudishwa dukani," mama mkwe akasema, huku anachambua mchele.

Alhamisi kabla ya kikao ilikuwa siku ya gulio. Zilivuma habari kwamba amekuja mtu anayenunua sarafu za zamani, na kwamba analipa vizuri zaidi zile ambazo kiwanda kilizikosea. Mama mkwe akafungua kasha lake, akatoa shilingi ya enzi ya mfalme, akamtwika mkaza mwana wake mkungu wa ndizi, wakaenda.

Mnunuzi alikuwa ametandika kitambaa cheusi mezani, jicho moja limebanwa na kioo cha kukuzia.

"Shikamoo mama. Hebu nione."

"Marahaba. Ishike vizuri, si ya kuchezea hiyo. Shilingi, na ina tundu. Enzi zile zenye tundu zilikuwa senti, shilingi haikuwa nalo. Kwa hiyo kiwanda kilikosea. Imetoka huko hivyo hivyo."

Mkaza mwana akatua mkungu, akahamia upande wa pili wa meza ili sikio zima lielekee maneno.

"Mama, kiwanda kikikosea, tundu hutangulia na muhuri hufuata," mnunuzi akasema. "Muhuri ungelikuta tundu pale, na kingo zake zingelala laini. Hili limekuja baada ya muhuri. Ona, limekata herufi mbili za jina la mfalme. Sasa geuza. Pitisha kidole. Unasikia midomo hii iliyochomoza? Madini yakipigwa hukimbilia upande wa pili. Yenyewe yanasema msumari uliingilia wapi."

"Mimi nakwambia ilizaliwa hivyo."

"Ingezaliwa hivyo ningekupa bei ya mbuzi wawili. Kosa la kiwandani ni johari, sipati mara mbili. Hii ilitoka nzima, mama. Imeharibiwa na mtu mwenye nyundo. Kamvalishe mjukuu."

Mkaza mwana alimjua mwenye nyundo. Alishahadithiwa zamani, enzi bado anapendwa, jinsi mama mkwe mwenyewe alivyoitoboa shilingi ile kwa msumari juu ya jiwe la kizingiti, amvike mwanawe mchanga shingoni asipatwe na degedege. Alijitwika mkungu wake, wakarudi, mama mkwe akimtukana mnunuzi njia nzima: mwizi, tapeli, ana jicho moja kama sindano.

Jumamosi wazee wakaketi. Baba wa mwanamke alikuja na kofia yake mkononi, kama mtu aliyeshikwa anaiba. Mwashi alikaa anatazama vidole vya miguu yake.

"Alikuwa kiziwi tangu kwao?" mzee wa kikao akauliza.

"Tangu tumboni mwa mama yake," mama mkwe akasema. "Walituficha."

Mwanamke akaomba kusema.

"Mama, kabla ya posa ulikuja kwetu kunichunguza?"

"Nilikuja. Ndiyo desturi. Nani anaoza mwanawe kwa mtu asiyemjua?"

"Ulinitazama ninavyotembea na ndoo. Ulinichekesha uone meno. Kisha ukajificha nyuma ya jiko, ukaniita upime masikio. Mimi nilikuwa nachambua maharage, ukuta wa jiko uko kushoto kwangu. Niliitika mara ya ngapi?"

Mama mkwe akaanza kurekebisha kanga ambayo haikuharibika. Akajibu mwingine, shangazi wa mwashi, kikongwe asiyependwa na mtu kwa sababu ya mdomo wake.

"Mara ya kwanza. Tena ulinong'ona, wifi, nilikuwa nyuma yako. Binti akaitika, 'Abee.' Ukarudi nyumbani unatamba kwamba umepata mkwe mwenye sikio la swala."

Mwanamke akamgeukia mumewe.

"Baba wa mtoto, mwiko wa lipu unaushika kwa mkono gani?"

Mwashi akaukalia mkono wake wa kulia.

"Wa kulia. Wazee, mkono wa kulia ukimpiga mtu uliyetazamana naye, unatua wapi?"

Mzee wa kikao akanyanyua mkono wake wa kulia, akautazama, akaushusha polepole. Wanaume wote pale walijua unatua wapi.

"Mimi nilitoka nyumbani kwa baba yangu mzima," mwanamke akasema. "Nimetobolewa hapa." Akamtwaa mtoto mapajani mwa bibi yake, akambeba mgongoni, akafunga kanga kwa mafundo mawili. Hakuna aliyemzuia. Baba yake akavaa kofia.

Haya. Mmefurahi? Mnamcheka mama mkwe? Msimcheke. Sisi ndio yeye.

Mtoto anagugumia, tunasema kaumbwa hivyo. Nani alikuwa anamfokea kila akifungua mdomo? Kijana mlevi, tunasema ni damu ya kwa mama yake. Nani alimtuma gongo akiwa na miaka saba, akamwachia masalia ya chupa aonje watu wacheke? Tunapiga msumari wenyewe, kisha tunamsingizia Mungu. Aibu hatuna.

Na yule aliyezaliwa kweli na mguu mfupi, ambaye mkono wa Mungu peke yake ndio uliomgusa, huyo tumemfungia chumba cha uani wageni wasimwone. Mnunuzi wa gulioni, asiyejua hata zaburi moja, yeye anamwita johari. Sisi wenye zaburi zote tunamwita mkosi.

Kabla hujatamka kwamba Mungu ndivyo alivyomuumba mtu, geuza upande wa pili, pitisha kidole. Ukikuta midomo, tafuta nyundo. Wengi wenu hamtaenda mbali kuitafuta.

Na wewe baba wa benchi la tatu, naona umeuficha mkono chini ya koti. Ufiche tu. Mungu hana haja ya kuuona. Ameshaliona sikio.