Nishani ya Wavunja Kokoto

Mdharau mtu upendavyo, mcheke, msengenye hata akikusikia, lakini kilicho chake mpe. Hiyo ndiyo maana ya methali itakayofunga kisa hiki, na wapo waliofundishwa maana hiyo mchana peupe.

Mwaka wa 2001 chama cha kandanda cha ukanda wetu kilitangaza kwamba klabu yoyote itakayotwaa vikombe vitatu kwa mwaka mmoja itapewa nishani ya kushonwa kwenye jezi daima dawamu. Macho yote yalielekea kwa wanaume wa Machakos mjini, waliokuwa na viwili tayari. Nani angewafikiria Kokoto, wanawake waliovunja mawe machimboni Mlolongo? Hao nao walikuwa na viwili, ila hakuna aliyejisumbua kuvihesabu.

Fainali za mwisho zilichezwa siku moja, wanawake wakitangulia. Kokoto walishinda mawili kwa nunge. Mwenyekiti Justus akawapa kombe, akawaagizia soda, kisha akatangaza kwenye kipaza sauti kuwa nishani itangoja wanaume, kwani ndio wenye mpira. Watu wakacheka. Ufidhuli ulioje!

Nahodha Ndanu alibeba kombe hadi katikati ya uwanja, akaketi. Wenzake wakaketi pia. Justus alikuja mbio akitishia kuifungia timu miaka mitano.

"Mwenyekiti, tuko na vikombe vitatu," Ndanu alimwambia bila kuinuka. "Mlisema klabu yoyote. Tufungie ukitaka, lakini hapa hatutoki bila nishani."

Timu za wanaume zilikuwa zimeshaingia. Abdifatah, nahodha wa Machakos, alibakisha ushindi mmoja tu kuipata nishani aliyoiota mwaka mzima. Alipowaendea wale wanawake, Justus alitabasamu akidhani amepata wa kuwafukuza. Abdifatah akaketi kando ya Ndanu.

"Mkiwanyima hawa, mimi siivai," alisema.

Wachezaji wake wakamfuata mmoja mmoja. Kicheko kule jukwaani kilikatika, na makofi yakaanza. Justus alitazama huku na huku, jasho likimtiririka, mwishowe akaagiza nishani iletwe. Alimnyoshea Ndanu huku amegeuza uso.

Ndanu hakuipokea. "Kwanza tutaje," alimwambia. "Kwa kipaza sauti, kama ulivyotucheka."

Uwanja mzima ukamsikia mwenyekiti akitamka, kwa sauti iliyokauka, kuwa mabingwa wa vikombe vitatu ni Kokoto ya Mlolongo. Ndipo Ndanu aliponyosha mkono wake wenye sugu akachukua kilicho chao. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.