Mama Ngiri Mtungini

Paukwa!

"Pakawa!"

Ah-ah. Watoto wameitikia, wakubwa mmenyamaza. Nani kawafunga midomo? Hadithi hii haina haja na waliofumba midomo. Narudia. Paukwa!

"Pakawaaa!"

Sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji cha wanyama. Kijijini palikuwa na bwawa, na jumbe wa kijiji alikuwa Kiboko. Ukame ukaja. Visima vikakauka. Mito ikakauka. Umande wenyewe ukawa wa kubahatisha. Kiboko akaingia bwawani, akazungusha ua wa matete, akamweka Kenge mlangoni. Kisha akatangaza, "Maji yamekwisha. Bwawa ni kavu. Asisogee mtu!"

Bwawa kavu! Na kila asubuhi kijiji kizima kinasikia nyuma ya matete: bwata! bwata! bwata! Jumbe anaoga.

Wote walisikia. Wote walijua. Aseme nani? Swala alisema barazani, akavunjwa mguu. Tangu siku hiyo ukimuuliza mtu habari za bwawa, anakohoa na kukuuliza habari za nyumbani.

Katika kijiji hicho aliishi Mama Ngiri na watoto wake. Kila alfajiri aliwapeleka kulamba mawe, maana mawe hushika unyevu kidogo kabla ya jua. Siku moja mtoto wake mdogo akamwambia, "Mama, jiwe hili limekwisha." Mama Ngiri akageuza uso. Maneno hayo yalimuuma moyoni kuliko kiu yenyewe.

Basi. Wanyama wale walikuwa na desturi. Kila mwaka, baada ya mavuno, walicheza kichekesho uwanjani. Waigizaji walikuwa majirani tu, leo analima, kesho anaigiza. Fundi wao alikuwa Nungunungu. Mwaka ule mavuno hayakuwapo, lakini Nungunungu akasema, "Tutacheza hivyo hivyo. Na mchezo wetu utaitwa Jumbe Tumbo."

Sikilizeni mchezo wenyewe. Jumbe Tumbo ana mtungi wa maji. Mgeni anabisha hodi, anaomba maji. Jumbe Tumbo anaukalia mtungi ili usionekane. Makalio yananasa! Anavuta, wapi. Mgeni anauliza, "Jumbe, umekalia nini?" Anajibu, "Kiti tu hiki." Mgeni anauliza, "Mbona kiti kinalia chubwi-chubwi?" Anajibu, "Ni kiti cha kizamani."

Mnacheka? Ngojeni kwanza.

Nyani alipewa nafasi ya Jumbe Tumbo. Kanga alikuwa mgeni. Mama Ngiri alipewa ufagio afagie uwanja. Kwa nini? Si mnamjua ngiri. Hukimbia, hukimbia, akifika mbali husimama akajiuliza, "Hivi nilikuwa namkimbia nani?" Mtu wa namna hiyo utampa maneno ya mchezo?

Siku yenyewe ikafika. Asubuhi Kenge akaja mbio, ulimi nje, ulimi ndani.

"Jumbe amesikia habari za mchezo wenu," akasema. "Amesema chezeni. Atakaa mbele. Akiona mtu anafanana naye, atamkata vipande viwili kwa meno. Salamu zake ndizo hizo."

Akaondoka. Nyani akashika tumbo. "Jamani, tumbo! Tumbo linanisokota!" Akapanda mtini, na tumbo lake likapanda naye. Hakushuka tena.

Nungunungu akaketi chini. "Basi, mchezo umekufa."

Mama Ngiri akatupa ufagio, pu! "Nipeni mimi."

Kanga akamtazama. "Shoga yangu, wewe? Juzi ulisahau jina la mwanao."

"Jina nimelisahau. Kiu yake sijaisahau."

"Na Jumbe akikung'ata?"

"Aning'ate! Sisi tunakufa hivi hivi, tunakufa kwa adabu, tunalamba mawe na kumwamkia shikamoo. Mimi nimechoka adabu hiyo. Nipakeni tope tumboni."

Wakampaka tope. Wakamvika taji la matete. Nungunungu akamwambia, "Mama, usiogope kusahau. Nitakuwa nyuma ya mkeka. Ukikwama, nitakunong'oneza."

Alasiri uwanja ukajaa. Swala akaja na mguu wake wa kuburuta. Pimbi wakaja. Watoto wa Mama Ngiri wakalala mbele kabisa, midomo imepasuka. Halafu kishindo: di! di! di! Jumbe Kiboko huyo, anang'aa, masikio yanadondosha maji. Maji! Watu wakayatazama yale matone yakianguka mchangani. Nyuma yake Kenge. Wanasema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Huu ulikuwa wa kiboko, naye hakukosa.

Mchezo ukaanza. Mama Ngiri akatoka nyuma ya mkeka, tumbo mbele, taji upande. Mtu alitaka kucheka, akamtazama Kiboko, akakimeza kicheko. Kanga akabisha hodi, akaomba maji. Mama Ngiri akaukalia mtungi. Kwenye mazoezi Nyani alikuwa akijifanya tu amenasa. Mama Ngiri hakujua kujifanya. Alikaa kwa uzito wake wote, na mtungi ukamshika kweli kweli, ndi! Akavuta. Akavuta tena. Pimbi mmoja akashindwa kujizuia: "Kwi!"

Kiboko akageuka. Pimbi akajiziba mdomo kwa miguu miwili.

Kanga akauliza, "Jumbe, umekalia nini?"

Mama Ngiri akafungua kinywa. Hakutoka kitu. Maneno yamekwenda! Akatega sikio nyuma ya mkeka. Nungunungu alikuwa akinong'ona, lakini mwili mzima unamtetemeka kwa hofu, na miiba inagongana: chaka-chaka-chaka-chaka! Mama Ngiri hakusikia ila chakachaka.

"Endelea, mama," Kiboko akasema taratibu. "Umekalia nini? Tunakusikiliza."

"Amesahau!" Kenge akapiga kelele. "Ngiri huyo! Amesahau!"

Mama Ngiri akatazama chini. Akamwona mwanawe mdogo analamba mchanga pale yalipodondoka matone ya Kiboko. Hasira zikampanda, zikamjaa kifuani, zikamtoka kinywani. Hayakuwa maneno ya mchezo. Yalikuwa yale ambayo hata aliyesahau jina lake hayasahau.

"Kitendawili!"

"Tega!" uwanja ukaitikia. Na Kiboko naye akaitikia, "Tega!" Mdomo umezoea, atauzuiaje?

"Yumo majini, asema maji hakuna."

Wakatazamana.

Mnajua sheria ya kitendawili. Unajua, unajibu. Hujui, unatoa mji. Hakuna jumbe wala mtumwa hapo, sheria ni moja. Sasa tazameni. Kila mtu uwanjani pale alikuwa na jibu mdomoni. Aliyekuwa na hofu alikuwa nalo, asiye na hofu alikuwa nalo.

"Mmeshindwa?" Mama Ngiri akauliza.

Swala akainuka polepole, akiegemea mguu mzima. Akamtazama Kiboko machoni. "Mimi nimeshindwa," akasema.

Pimbi yule akainuka. "Hata mimi nimeshindwa."

"Tumeshindwa! Tumeshindwa!" uwanja mzima ukasema. Waongo wakubwa! Lakini ulikuwa uongo mtamu, na kila aliyeusema alijisikia mrefu kidogo.

"Basi nipeni mji," akasema Mama Ngiri.

"Sisi hatuna mji," Swala akajibu. "Mwenye mji ni Jumbe. Jumbe, tutolee."

Kiboko akakohoa. "Chukua... chukua Mlima wa Mawe."

"Mlima wa Mawe nimekwenda. Nimeomba maji, nimepewa jiwe nilambe. Siutaki. Nipe mwingine!"

"Kwi-kwi-kwi!" wakacheka pimbi.

"Chukua Bonde la Vumbi."

"Bonde la Vumbi nimekwenda. Nimenawa vumbi, nimesukutua vumbi, wenyeji wakaniambia karibu tena. Siutaki. Nipe mwingine!"

Sasa kicheko kikapasuka. Wazee walicheka. Wagonjwa walicheka. Nyani mtini alicheka akasahau tumbo. Mama Ngiri alikuwa amekwama ndani ya mtungi, taji limemwangukia jicho moja, na anadai mji kama sultani.

Kenge akaona mambo yanaharibika. Akamvuta Kiboko sikio. "Jumbe, wanatucheka! Jibu tu, yaishe!"

"Nijibu nini, mpumbavu wewe?" Kiboko akanguruma. "Niseme ni mimi?"

Hata Kenge alifunga ulimi.

Mama Ngiri akanyoosha shingo. "Umepata!"

"Umepataaa!" uwanja ukaitikia, na kicheko kikarudi maradufu. "Jumbe amepata! Umepataaa!"

Kiboko akaruka, kinywa wazi, meno nje. Mama Ngiri angekimbia, lakini utakimbiaje na mtungi makalioni? Akafanya alichoweza. Akampa mgongo. Kiboko akang'ata: ta! Mtungi ukapasuka, vigae vikamchoma ufizi. "Uuuwi!" akalia. Alipoinua kichwa ang'ate tena, akamwona Nungunungu mbele yake. Miiba imesimama, haigongani tena. Ubavuni kwake Swala. Ubavuni kwa Swala, Kanga. Nyuma yao kijiji kizima, na bado wanacheka. Kiboko akarudi hatua nyuma. Alikuwa mkubwa, ndiyo, lakini alikuwa mmoja.

Mama Ngiri hakusubiri hotuba. Akatembea moja kwa moja hadi kwenye matete, mdomo wa mtungi ukiwa bado umemkaa kiunoni kama mkanda. Kenge alishatangulia mlangoni, anafungua mwenyewe. "Karibuni, karibuni ndugu zangu! Siku zote nilikuwa pamoja nanyi!" Watu wa aina hiyo mnawajua. Msinifanye niwataje.

Bwawa lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Watoto wa Mama Ngiri wakatumbukiza nyuso zao, wakanywa, wakapaliwa, wakanywa tena. Mama Ngiri akapiga magoti akanywa, ndivyo ngiri wanywavyo. Mbele ya Kiboko Mama Ngiri hakuwahi kupiga magoti hata mara moja. Maji aliyapigia, na machozi yalimtoka, naye hakuyaficha.

Kiboko hawakumfukuza. Maji ni ya wote, naye yumo. Lakini tangu siku ile hana raha ya mchana. Jua likiwaka hujizamisha, akaacha macho na masikio tu, na usiku ndipo atokapo kula. Anaogopa asikutane na mtoto yeyote njiani akamwambia, "Jumbe, umepata!"

Basi nyinyi wadogo, na nyinyi wakubwa mliokuwa mmenyamaza, mafundisho ni haya: mkimwogopa mdhalimu kila mtu kwake, atawakausha mmoja mmoja. Mkimcheka wote pamoja, hadharani, hana meno ya kuwatosha. Na anayejua asiseme, kiu yake amejitakia.

Hadithi yangu imeishia hapo, kando ya bwawa. Asiyeipenda na atoe mji.