Makofi kwa Aliyeanguka

Wapendwa, kabla hatujafungua Maandiko nina mfano. Najua wengine mtanuna. Nuneni, lakini sikilizeni.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa sekondari ya kanisa, kijana bado, aliyefundisha wanafunzi hip hop kila Ijumaa vipindi vikiisha. Kuchana mashairi, kucheza, kujipindua juu ya maboksi yaliyotandazwa sakafuni, na spika yenyewe inakwaruza. Wakubwa wa kanisa wakasema huo ni uhuni, darasa lifungwe. Wakamtuma mzee wa kanisa mmoja na kufuli jipya mfukoni.

Mzee kufika mlangoni, anamwona mwanafunzi mmoja, binti, katikati ya duara. Akamtambua. Si ndiye huyu aliyepata mimba akiwa shuleni? Na si mzee huyuhuyu aliyesimama mbele ya ibada akasoma jina lake, kwamba ametengwa, hakuna Meza ya Bwana, na atakaa benchi la nyuma mpaka atubu mbele ya watu wote? Binti alijifungua, shule ikampokea tena. Kanisani alilikalia lile benchi Jumapili moja, hakuonekana tena. Na leo huyu hapa, kichwa chini miguu juu. Damu ikamchemka mzee.

"Zimeni huo muziki!"

Akaingia kwa hasira na viatu vyake vya ibada, akakanyaga boksi, likateleza. Chali. Kofia huku, kufuli kule.

Mnadhani watoto walicheka? Walipiga makofi. Kwa nguvu, kwa mdundo, wala hawaachi. Mzee akang'aka akiwa palepale chini: "Mwalimu, ndiyo unawafundisha kunidhihaki?"

"Hapana, mzee wangu," mwalimu akasema. "Hapa somo la kwanza ni kuanguka, maana kila anayejifunza kucheza ataanguka. Kwa hiyo tulikubaliana, mtu akianguka tunampigia makofi mpaka asimame. Tusipofanya hivyo ataona haya, atatoka, na hatarudi."

Yule binti akainama, akanyoosha mkono. "Shikamoo, babu. Shika hapa uinuke. Hawa hawataacha mpaka usimame."

Mzee akautazama mkono ule, mkono aliounyima mkate wa Bwana. Akaushika. Angefanya nini? Na makofi yakaendelea mpaka aliposimama sawasawa. Kufuli alilisahau palepale.

Sasa niwaulize, ndugu zangu. Sisi mtu akianguka humu ndani tunafanya nini? Tunalisoma jina lake, kisha tunamwonyesha benchi. Lile pale karibu na mlango. Geukeni mlitazame, msinitazame mimi. Limekaa tupu tangu mwaka uanze, na sisi tunajisifu kwamba kanisa letu ni safi. Safi? Waliopaswa kulikalia wako wapi? Tunawajua watoto wao? Wanakula? Nani kati yetu amewahi kwenda kuwabishia hodi?

Mmenijia nyumbani, wazee wangu, mkinitaka leo nisimame hapa niikemee hip hop ya shule yetu. Sikemei. Mkitaka kuandika barua kwa askofu, andikeni, nitawapa na kalamu. Siwezi kumkemea mtu anayewainua watoto tuliowaangusha sisi wenyewe.

Na nimeshaamua. Ibada ikiisha nalitoa lile benchi humu ndani, nalipeleka shuleni, wale watoto wapate pa kukaa wakichoka kucheza. Anayetaka kunizuia asimame sasa hivi, mbele ya watu wote, kama tulivyozoea kuwasimamisha wenzetu.

Naona mmekaa.

Haya. Basi anayetaka kunisaidia kulibeba, asimame yeye. Nangoja. Benchi lenyewe ni zito.