Firigisi ya Jogoo wa Tunu

Sogeeni, na simu wekeni chini. Wewe pia, shangazi, uliyejificha nyuma ya mtandio. Nakuona unavyotelezesha kidole. Mimi darasani sikukaa sana, lakini fumbo hili limewashinda walimu wawili, kwa hiyo msijione.

Korogwe kulikuwa na binti wa miaka kumi, Tunu, na nyumbani kwao watu wazima watatu wenye vipaji. Bibi yake, Bi Mwanahawa, alikuwa na masikio: ukinong'ona uani, yeye jikoni anakujibu. Mama yake, Saumu, alikuwa na subira ya kuchambua mchele mpaka punje ya mwisho. Mjomba wake, Shomari, alikuwa na kichwa kisichochemka. Nyumba ikiungua, yeye kwanza anauliza ndoo iko wapi.

Baba naye alikuwepo. Kipaji chake kilikuwa majigambo. Majigambo nayajua, mimi mwenyewe bingwa, lakini yangu hayajamuuza mtoto.

Kibwana, ndilo jina lake, alimnunulia Tunu simu ili asimsumbue akitazama mpira. Kisha akampiga picha akiwa na sare, beji ya shule inasomeka, akairusha mtandaoni: "Wa kwanza darasa la nne! Damu yangu hiyo!" Watu wakapongeza. Mmoja hakupongeza. Yeye alisoma beji.

Haukupita muda, Tunu akapata rafiki kwenye gemu, eti "Rehema wa darasa la tano".

Bibi alikuwa kwenye mbuzi, anakuna nazi, aliposikia sauti ikitoka kwenye simu ya mjukuu wake: "Usimwambie mama, kipenzi. Hii siri yetu." Akaacha kukuna.

"Kibwana, huyo Rehema ana ndevu."

"Mama, mambo ya mtandao utayajulia wapi wewe?"

"Mtandao siujui. Mwanamume anayebana sauti namjua."

Hapo ndipo Kibwana akawaka, na hasira zake, mpumbavu yule, akazipeleka kwa mtoto. "Nani huyo? Sema!" Fimbo juu. Tunu akakauka kama kibao.

Saumu akamnyang'anya mumewe fimbo, akamvuta mtoto penye ungo. "Chambua na mimi." Hakuuliza kitu. Mchele ukaisha, akamimina mwingine. Ndipo Tunu, macho kwenye ungo, akasema, "Mama, utanipiga?"

"Sikupigi. Na kosa si lako."

Yakamwagika yote. Rehema alimwomba picha ambazo mtoto haombwi. Alipokataa, akaambiwa aje Jumamosi nyuma ya soko, peke yake, la sivyo atafuatwa getini. "Anasema shule yangu anaijua, mama."

Anaijua! Nani alimwambia? Mtazameni Kibwana. Hakujitazama, bwana yule; aliikwapua simu, akainyanyua aipasue sakafuni. Shomari akaudaka mkono hewani.

"Shemeji, ukiivunja unamfungulia mlango akimbie."

Akahifadhi kila ujumbe na kila sauti. Hakumjibu yule mtu wala kumtukana, ingawa mimi ningemtukana mpaka betri izime. Yeye na Saumu wakaipeleka simu polisi, kwenye dawati la watoto. Jumamosi, nyuma ya soko, hakwenda Tunu. Walikwenda askari wasio na sare. "Rehema" akakamatwa: jibaba lenye upara, na ndani ya simu yake watoto wengine kibao wakisubiri zamu.

Jumapili wakachinja jogoo. Sasa, nyumba ile firigisi haikatwi wala haigawanywi. Huliwa na mtu mmoja, mwenye heshima ya siku hiyo, na miaka yote amekuwa Kibwana. Akanyoosha sahani. Bibi akamchapa mwiko wa mkono.

"Leo utakula shingo," akasema. "Firigisi yangu. Bila sikio langu mngekuwa bado mnatazama mpira."

"Mama, nakuheshimu," akasema Saumu, "lakini sikio lilisikia sauti tu. Jumamosi na soko mngevijulia wapi bila ungo wangu?"

"Na mimi je?" akasema Shomari. "Mngejua yote, huku ushahidi uko vipande vipande sakafuni, na lile jibaba liko kwa mtoto wa jirani."

Kwa desturi yao, anayepakua ndiye anayeamua, na siku hiyo alipakua Tunu. Amesimama na upawa, firigisi juu yake, sahani tatu mbele yake, macho yote kwake.

Wewe uliyenyoosha mkono, ngoja kwanza. Mwanao sasa hivi anaongea na nani kwenye simu? Hujui? Shusha mkono, nenda ukakae na Kibwana, mle shingo. Ninyi mnaojua, semeni upesi, mchuzi unapoa na mkono wa mtoto unachoka.

Je, ungekuwa Tunu, ungempakulia nani?