Kiti cha Mwalimu

Njia ya mwongo ni fupi. Maana yake ni kwamba uongo haufiki mbali, na mwenye kuusema huumbuka, mara nyingi kwa kinywa chake mwenyewe. Loretta Stribling aliyajua hayo tangu utotoni, lakini kujua na kutenda ni mambo mawili.

Loretta alikuwa ameendesha malori katika jimbo la Wyoming, Marekani, kwa miaka ishirini na miwili, na kampuni ilimpa kazi ya kuwafundisha wageni. Mwanafunzi wake wa mwisho alikuwa Delbert Haas, mwanamume wa miaka hamsini na mmoja aliyekosa kazi mgodi wa makaa ulipofungwa. Alikuwa na wiki tatu tu kwenye usukani. Alasiri moja ya Machi, mvua ya baridi kali ikinyesha, lori lao liliteleza karibu na Elk Mountain, likahamia upande wa pili wa barabara na kuligonga gari dogo la Joyce Amundsen, mpeleka barua wa mashambani. Joyce alikufa palepale.

Sheria ya kampuni ilisema hali ya hewa ikichafuka, mwalimu akae mbele, kando ya mwanafunzi. Loretta alikuwa kwenye kitanda kilichomo ndani ya lori, nyuma ya viti, amelala fofofo. Na si kwa uvivu. Mzigo ulitakiwa Salt Lake City jioni hiyohiyo, na wakubwa waliwahesabu wawili hao kuwa madereva kamili wa kupokezana, mmoja akiendesha mwingine alale.

Wiki iliyofuata Gaines, meneja wa safari, alimwita ofisini.

"Bi Loretta, wewe ulikuwa mbele. Ulimwonya, akajifanya hasikii. Basi."

"Na Delbert je?"

"Delbert ana siku ngapi kwetu? Wewe umebakiza mwaka mmoja ustaafu. Usikitie kitumbua chako mchanga."

Loretta aliona aibu, lakini akatia saini maelezo hayo ya uongo. Alijua vilevile kwamba mwendesha mashtaka alikuwa anangoja kesi ya fidia ambayo mume wa Joyce aliifungulia kampuni iishe ili aamue kama Delbert apelekwe jela.

Kesi ilisikilizwa katika mahakama ya mji wa Rawlins. Orrin, mume wa marehemu, aliketi mbele, kofia mapajani. Delbert ndiye aliyetangulia kutoa ushahidi.

"Matairi yalikuwa yanarusha maji mengi, halafu yakaacha," alisema. "Nikafurahi. Nikajua barabara inakauka, nikaongeza mwendo."

Kisha akaitwa Loretta. Wakili wa Orrin, Bi Pruitt, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole.

"Ulikuwa macho, Bi Stribling?"

"Macho kabisa."

"Maji ya matairi yalipokoma, uliona?"

"Niliona. Kutazama vioo ndiyo kazi yangu."

"Na mvua?"

"Ilikuwa bado inanyesha."

"Mimi si dereva, nisaidie. Mvua inanyesha, matairi hayarushi maji. Hiyo ni nini?"

Majivuno ya kazi yakamponza. "Barafu hiyo! Dereva gani hajui? Lami imeganda. Unapunguza mwendo polepole, unatoka barabarani, unaegesha."

Delbert aliinua kichwa. "Kumbe?" alisema, kama mtu aliye darasani. "Mbona hukuniambia, mwalimu?"

Hakimu alimwamuru anyamaze. Bi Pruitt akarudi kitini pake. Loretta aliona mwenyewe alipofikia. Ikiwa aliyaona yale maji yakikoma, basi alimwacha Delbert aue. Ikiwa hakuyaona, basi hakuwa kwenye kile kiti. Alimtazama Orrin, akashindwa kumtazama zaidi.

"Sikuona kitu," alisema. "Nilikuwa nimelala. Gaines ndiye aliyeniambia niseme nilikuwa mbele. Nisamehe, Bwana Amundsen. Delbert, nisamehe. Sikukufundisha."

Orrin alilia kwa sauti, na hakuna aliyemzuia.

Jopo la raia walioamua kesi liliibebesha kampuni lawama ya kifo cha Joyce. Delbert hakushtakiwa, ingawa hakushika usukani tena maishani. Gaines na Loretta walifukuzwa kazi siku moja. Uongo walioupanga kwa makini ofisini haukuhimili hata maswali manne ya mwanamke asiyejua kuendesha lori. Hakika, njia ya mwongo ni fupi.