Chura Aliyemchujia Kiboko Mafuta

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ni sauti ya wenye njaa. Nimesema, paukwa!

— Pakawaaa!

Haya. Pakawa na dimbwi, na dimbwini pakawa na watoto mia wa Chura, viluwiluwi watupu, hata miguu hawajaota. Mama yao alikuwa mchujaji kule wanyama walikokamulia mawese, na kitambaa cha kuchujia hakimtoki begani.

Siku moja Kiboko kaiba mtungi mzima wa mawese. Akakimbia nao, akateleza, pwaa! Dimbwini. Mtungi ukapasuka, mafuta yakatanda juu ya maji kutoka ukingo hadi ukingo.

Viluwiluwi wakaja juu kuvuta pumzi, wakagota kwenye mafuta. Wakarudi chini. Wakaja tena, wakagota tena. Chura alipofika akaona, moyo ulimlipuka paa!

"Shikamoo, mzee Kiboko. Wanangu wamo humo!"

"Marahaba. Wanao wamo kwenye mafuta yangu. Nayanywa yote, na maji yake. Sibakizi tone."

"Na watoto?"

"Watateremka tu. Hawana mifupa."

Hebu fikiri, mama anaambiwa hivyo! Lakini akili haikumtoka.

"Mzee, mimi nakuonea huruma wewe. Ukijaza maji tumboni, mafuta yatakaa wapi?"

Kiboko akatazama tumbo lake. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Nikufunge kitambaa mdomoni, uvute mafuta matupu, maji yabaki."

"Funga upesi!"

Upesi huo ndio uliomponza Chura. Mchujaji hagusi kitambaa bila kukisuuza kwanza na kukianika. Ndivyo walivyofundishwa wote. Mkono wa Chura ukafanya ulivyozoea, ukakisuuza kwenye kijito cha karibu, wala haukungoja kikauke. Akamfunga Kiboko mdomo.

Kiboko akavuta, fyooo! Maji yakashuka. Akavuta, fyooo! Maji yakashuka. Mafuta yapo vilevile, na sasa yanawashukia watoto kichwani.

"We Chura! Haya si maji?"

Mama yangu! Hapo ndipo Chura alipoelewa: kitambaa kikishakunywa maji, mafuta hakiyataki tena.

"Kilikuwa kinaonja tu, mzee. Nipe!"

Akakikamua, akakitandaza juu ya jiwe la moto. Akakigusa: kibichi. Akakigeuza. Kibichi. Akakipulizia mpaka mashavu yakamvimba. Kule dimbwini wanaokuja juu wanazidi kupungua.

"Nakunywa!" Kiboko akanguruma.

"Bado kidogo, mzee."

"Nakunywa!"

"Bado kidogo, mzee wangu, nakuombea tumbo lako."

Kitambaa kikakauka kau. Mkono ukataka kukisuuza, Chura akauuma. Akakichovya kwenye mawese kikalowa chepe, akamfunga Kiboko upya.

Fyooo! Mafuta yakapungua. Fyooo! Mafuta yakapungua. Maji yametulia palepale.

"Ongeza, mzee! Usiwaachie wengine!"

Fyooo! Mpaka tone la mwisho. Maji yakabaki meupe, na viluwiluwi wakachomoza mmoja mmoja, pu, pu, pu. Chura akawahesabu mara mbili huku analia, maana mara ya kwanza hakuamini. Walikuwa mia.

Kiboko akapiga hatua moja, ameshiba. Akapiga ya pili. Tumbo likasema ngurrr. Hatua ya tatu, jamani, nisiseme, wengine hamjala. Mtungi mzima wa mawese! Kote alikopita aliacha njia nyekundu, na wakamuaji waliokuwa wanatafuta mtungi wao waliifuata njia hiyo hadi kichakani, wakamkuta mwizi amechuchumaa, hata mbio hawezi.

Hadithi imechujika, iliyo safi chukueni, iliyo chafu mwachieni Kiboko. Na funzo lake, msije mkasema sikuwafunza adabu: mkubwa akitaka kumeza vya wenzake, msimbishie. Mpeni, tena mwambieni aongeze.